Tuuzieni nusu sahani, na sukari iwekwe pembeni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenye hoteli, migahawa na nyumba za wageni, hasa zile zinazopokea familia wakati wa likizo za shule, kuhusu jambo ambalo huenda wengi wao wakaliona dogo, nalo ni kiasi cha chakula wanachotupakulia na sukari wanayotutilia bila kutuuliza.

Mimi ni mama wa watoto watatu, mkazi wa Tabata, Dar es Salaam, na tangu mwaka juzi nahudhuria kliniki kwa sababu ya shinikizo la damu na uzito. Mtaalamu wa lishe aliniwekea kikomo cha kilokalori 1,800 kwa siku, zile ambazo mtaani tunaziita kalori tu, akanifundisha kuzikadiria kwa vipimo vya jikoni: kijiko cha chai cha sukari ni kama 16, kijiko cha chakula cha mafuta ya kupikia ni 120, yai moja ni 70 na ushei. Nyumbani hesabu hii hainisumbui, kwa kuwa sufuria ni yangu na mkono unaomimina mafuta ni wangu. Desemba iliyopita tulikwenda Unguja kwa siku tano, mimi, mume wangu, watoto na mama mkwe wangu ambaye ana kisukari, na huko ndiko nilikotambua kwamba mtu anayekula hotelini asubuhi, mchana na jioni hana mamlaka yoyote juu ya hesabu yake isipokuwa kukataa, na kukataa chakula mbele ya familia iliyodunduliza mwaka mzima ili ifike hapo ni kugumu kuliko wanavyodhani madaktari.

Sikusudii kuvilalamikia vyakula vya Unguja. Anayevuka bahari akarudi bila kuonja urojo wala mkate wa kumimina, bora angebaki Dar akanunua samaki wake Feri. Isitoshe, nilipopitia kidaftari nilimokuwa nikiandika kila nilichokula, niliona kwamba vyakula tulivyovifuata hasa, yaani samaki wa kuchoma, pweza na wali wa nazi, sivyo vilivyonivusha kikomo. Vilivyonivusha ni vile ambavyo hakuna aliyeviagiza: chai iliyokwisha kutiwa sukari, juisi ya kukaribishia wageni, chipsi zilizolazwa kando ya samaki bila kuombwa, na korosho tulizotafuna ndani ya boti kwa sababu safari ilikuwa ndefu na mfuko ulikuwa wazi. Konzi moja ya korosho, gramu 30 hivi, ina takriban kilokalori 165, na nani aliyewahi kuishia kwenye konzi moja?

Nianze na chai. Katika nyumba ya wageni tuliyofikia, kila asubuhi ililetwa mezani chupa ya lita tatu ya chai ya maziwa, imeshaungwa kwa hiliki na imeshatiwa sukari. Siku ya pili nilimwomba mhudumu aniulizie jikoni ni sukari kiasi gani inayotiwa humo, akarudi na jibu bila kusita: robo kilo. Gramu 250 kwa vikombe kumi na viwili ni zaidi ya gramu 20 kwa kikombe, yaani vijiko vitano vya chai, na mimi nilikuwa nimekwisha kunywa viwili. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye chakula na vinywaji isifike asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na kwa kikomo changu hiyo ni gramu 45. Kwa hiyo kabla ya saa tatu asubuhi, kabla sijagusa hata kitumbua, mgao wangu wa siku ulikuwa umebaki kijiko kimoja kasoro. Mama mkwe wangu, aliyekuwa ameikataa chai hiyo, alisubiri kama dakika ishirini aletewe maji ya moto na majani, na muda wote huo alikuwa akininong'oneza, "Mwanangu, usiwasumbue watu wa watu." Mgonjwa wa kisukari anayeomba chai isiyo na sukari asijione msumbufu. Bakuli la sukari likiwekwa mezani na kijiko chake, kila mtu atatia anachokitaka, na mwenye nyumba atashangaa namna kilo yake ya sukari itakavyokaa.

Vinywaji vingine navyo vinahitaji macho. Soda ya kola ya mililita 350 ina gramu 35 hivi za sukari, na glasi ya juisi ya miwa, hata ikiwa imekamuliwa na tangawizi na ndimu mbele yako, haiko mbali na hapo. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa muwa ni mmea basi juisi yake haina neno, lakini kilichobaki kwenye mashine ni makapi, na kilichoingia kwenye glasi ni sukari ileile. Kinachonisikitisha ni kwamba dafu, ambalo kwa maji yake yote halizidi sana kilokalori 60, linauzwa nje ya lango la hoteli na halimo kwenye orodha ya vinywaji ndani. Nazi hiyohiyo ikishakomaa ikakunwa na kukamuliwa tui zito, mililita 100 tu zinafika 200. Tui silikatai, kwani mchuzi wa samaki usio na tui siujui. Nasema tu kwamba anayekula mchuzi wa nazi na wali wa nazi mchana angefurahi kuteremshia kwa dafu kuliko kwa soda.

Usiku wa kwanza tulikwenda Forodhani, ile bustani ya pwani mjini Zanzibar inayouza vyakula usiku, kama wafanyavyo wageni wote. Nilisimama mbele ya kijana anayetengeneza ile inayoitwa piza ya Zanzibar, na kwa kuwa nilishazoea kuhesabu, nikahesabu. Alichukua donge la unga lisilozidi ngumi ya mtoto, akalitandaza juu ya meza iliyopakwa mafuta mpaka likawa jembamba kama karatasi, akaweka kipande kidogo cha pili katikati, akapanga vijiko viwili vya nyama ya kusaga, kitunguu na pilipili hoho, kijiko kilichojaa mayonesi na jibini ya pembetatu, akapasua yai juu yake, akavuruga, akakunja pembe nne kama bahasha, kisha akaisukuma kwenye chuma cha moto na kuimwagia mafuta mara mbili, mara moja kila upande. Mayonesi peke yake ni karibu 100 kwa kijiko. Kwa makadirio yangu, bahasha ile ilikuwa haipungui 700. Mume wangu akaniuliza, "Mama watoto, umekuja kula au kukagua?" Nilimjibu kwamba nimekuja kwa yote mawili, tukainunua moja, tukaomba ikatwe vipande na kuila watu sita, kisha tukaenda kwa mchoma mishikaki na pweza. Kijana yule hakuona ajabu kukata piza moja kwa watu sita, tena alituongezea vijiti bila kuombwa.

Mambo yaligeuka siku iliyofuata, katika mgahawa mmoja wa ufukweni ambao sitautaja. Niliagiza pilau ya kuku na kuomba nusu. Mhudumu akanijibu kwa adabu zote, "Mama, nusu hatuna, sahani ni sahani." Nikamwambia niko tayari kulipa bei ya sahani nzima nikiletewa nusu, akazidi kuchanganyikiwa, akaenda jikoni, akarudi kusema mpishi hupima kwa bakuli moja na hawezi kubadilisha. Ikaja sahani ambayo nyumbani kwangu wangeila watu wawili na ukoko ukabaki. Nusu kilo ya pilau, kwa mafuta yake, haiko chini ya 900, yaani nusu ya siku yangu, na hapo sijamgusa kuku wala kachumbari.

Mtu atauliza kwa nini nisile nusu nikaacha nusu. Swali hilo huulizwa na asiyelelewa kama tulivyolelewa. Sisi tumefundishwa kwamba kumwaga chakula ni dhambi, na mtoto haondoki mezani mpaka sahani iwe nyeupe. Kwa mama wa familia mambo ni mazito zaidi, kwa sababu watoto watatu walioletewa sahani tatu za watu wazima hubakisha, na macho yote huelekea kwake. Nilipofika siku ya tatu nilifanya jaribio dogo la kuandika makombo ya watoto kwenye ukurasa wake: chipsi zilizopoa, paja la kuku lililomegwa mara moja, robo ya chapati, nusu ya juisi. Siku hiyo makombo yalikuwa mengi kuliko chakula nilichoagiza mwenyewe. Nadhani akina mama wengi wanaojiuliza kwa nini wao ndio wanaorudi likizo wamenenepa wakiwa "hawakula kitu" watapata jibu lao hapo.

Kinachoniudhi ni kwamba nusu sahani si jambo geni kwetu. Kwa mama lishe yeyote wa Kariakoo au Tandika unasema, "Nipunguzie wali, niongezee maharage," naye anakupimia palepale kwa upawa wake na kukutajia bei. Unaweza kununua wali wa bei ndogo au wa bei kubwa, mboga ukaomba mchuzi tu. Ajabu ni kwamba kadiri hoteli inavyopanda daraja na kuweka vitambaa mezani, ndivyo mlaji anavyonyang'anywa uhuru aliokuwa nao kwenye benchi la mama lishe. Na sioni mwenye mgahawa angepata hasara gani. Akiuza nusu sahani kwa asilimia 60 ya bei ya sahani nzima, anapata kwa kila kilo ya mchele zaidi ya anachopata sasa, na wali unaoishia kwenye ndoo nyuma ya jiko utapungua.

Najua nchi nyingine zimekwenda mbali zaidi. Marekani, ambako jiji la New York lilianza mwaka 2008, tangu Mei 2018 migahawa yenye matawi 20 au zaidi hulazimika kuandika kalori za kila chakula kwenye orodha yake, na England imefanya hivyo tangu Aprili 2022 kwa biashara zenye wafanyakazi 250 au zaidi. Mimi siombi hilo kwa sasa. Jikoni kwetu mafuta hupimwa kwa jicho na chumvi kwa vidole, hivyo tarakimu iliyoandikwa kando ya biriani ingekuwa uongo uliochapishwa vizuri. Hoteli kubwa zenye wapishi wanaofuata vipimo vilivyoandikwa zingeweza kuanza, na zingetusaidia zaidi kama meza ya asubuhi ingepangwa matunda mwanzo na maandazi mwisho, kwa maana mwenye sahani tupu hujaza kinachomlaki.

Kuhusu watoto, sikuwahesabia kalori, na nawasihi wazazi wasiwahesabie. Watoto wangu walikunywa soda moja kwa siku badala ya tatu, na mengine yalimalizwa na kuogelea. Mama mkwe wangu alinifundisha upande wa pili wa jambo hili. Anayetumia dawa za kisukari zinazoshusha sukari hapaswi kuruka mlo ili "kutunza nafasi" ya karamu ya jioni, na siku ambayo chakula cha mchana kilichelewa mpaka saa tisa alasiri alianza kutokwa jasho na kutetemeka mikono, tukamnywesha soda upesi kabla wali haujafika. Kwa hiyo hata soda ina saa yake.

Niliporudi nyumbani mizani ilionyesha nimeongeza kilo mbili, nikataka kulia, lakini kidaftari kilionyesha kwamba kwa siku zote tano nimezidisha kama kilokalori 3,000 tu, ambazo hazifiki hata nusu kilo ya mafuta mwilini. Mengine yalikuwa maji yanayoshikiliwa na chumvi ya mishikaki, na yaliondoka ndani ya wiki moja. Kati ya hizo 3,000, chai ya sukari, soda na makombo vilichukua zaidi ya theluthi mbili. Pweza na wali wa nazi ningevila tena kesho.

Aprili, Mungu akipenda, tunakwenda Lushoto. Nimeshapiga simu kwenye nyumba tutakayofikia kuuliza kama chai yao huja na sukari ndani na kama wanaweza kuwapakulia watoto nusu. Dada aliyepokea alicheka kwanza, akaniambia nishike simu, nikamsikia akimwuliza mtu jikoni. Aliporudi alisema bakuli la sukari lipo, lilikuwa kabatini tu, na kuhusu nusu sahani nimpigie tena Jumatatu, mwenyewe akiwepo.

Msomaji wako,
Mama wa watatu,
Tabata, Dar es Salaam