Jumamosi tunaanzia Askari, siyo Kariakoo

Habari za jioni wapendwa wapiga picha wa majengo ya zamani ya Dar. Mpango umebadilika: Jumamosi tukutane Sanamu ya Askari, Posta, saa 12:30 asubuhi. Ile nyumba ya roshani ya mbao tuliyoipiga picha mwaka jana imeshazungushiwa mabati; nimechungulia leo, milango ya juu imeng'olewa, zimebaki fremu tupu. Tukingoja wiki ijayo tutapiga picha za kifusi.

1. Mchango wa kusafisha picha ni 5,000/=, kwa mweka hazina, mwisho Alhamisi.
2. Mwenye picha za zamani za Mtaa wa Samora (enzi ukiitwa Independence Avenue) aje nazo, tusimame palepale zilipopigwa.
3. Walinzi tuwaombe kwanza. Mimi nilishafutishwa picha zote!

Anayekuja aandike NIPO kabla ya kesho saa 2 usiku, niagize vitumbua vya kutosha.