Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Tanga: chupa iliyosahauliwa dirishani

Ndugu Mganga Mkuu,

Yah: Kipimo kidogo cha mkojo, na dawa ya kupaka inayotaka jua

Salamu kutoka Ngamiani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa kemia. Ninaandika hadharani kwa kuwa barua za bahasha huzeekea masjala, na mimi mwenyewe sizidi kuwa kijana.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuwa na miaka 19 wakati kumi la mwisho la Ramadhani lilipomkuta kitandani amejikunja. Tumbo ukilibonyeza ni laini, lakini binti analia kama anayekatwa. Hospitali moja, si hapa mkoani, ikampasua kutafuta kidole tumbo. Kilikuwa kizima. Siku ya tatu akawa anazungumza na watu tusiowaona, kisha akaanguka kifafa, akapewa fenobabitoni. Usiku ule miguu ikaisha nguvu. Majirani walishatoa hukumu: katupiwa kitu. Dada yangu akafukiza ubani na kuita watu wa kumsomea. Sikumlaumu. Waliovaa makoti meupe hawakuwa na jina la kumpa, na wale wengine walikuwa nalo.

Kilichomwokoa ni usahaulifu. Chupa ya mkojo iliachwa dirishani tangu asubuhi. Ilipowekwa pale ilikuwa na rangi ya chai kavu. Alasiri, jua likiwa limeipiga saa nzima, nikaikuta nyekundu iliyoiva kama juisi ya rozela. Kijana wa maabara aliinyanyua, akaigeuza kwenye mwanga, akaniambia, "Mwalimu, jini habadilishi rangi ya mkojo." Akachukua mkojo mwingine, akaivika chupa karatasi ya foili hadi shingoni ili mwanga usiuguse, ukapelekwa mbali kupimwa. Majibu yalirudi: porfiria, ile ya ghafla inayokuja na kuondoka.

Uniruhusu nifundishe kidogo, ni mazoea. Wekundu wa damu yetu unatokana na kitu kiitwacho himu. Mwili huitengeneza kwa hatua 8, na kila hatua ina kimeng'enya chake, yaani kitu cha mwilini kinachoiendesha hatua hiyo kama mashine. Sisi watu wa Tanga hatuhitaji mfano wa mbali: korona, ile mashine ya kuchakata majani ya katani, ikilegea, majani yanarundikana uani na kuoza, na wakataji shambani wanazidi kukata tu. Kwa mpwa wangu korona iliyolegea ni ya hatua ya tatu, na kinachorundikana ni sumu kwa neva. Njaa ni nyapara anayewapigia kelele wakataji waongeze kasi. Fenobabitoni ni nyapara mwingine. Rifampisini ya kifua kikuu naye yumo, na griseofulvini ya fangasi, na dawa za salfa kama kotrimoksazoli. Kwa hiyo yule binti alikaa na njaa, akapasuliwa, kisha kifafa kilicholetwa na ugonjwa kikatibiwa kwa dawa inayouchochea ugonjwa.

Tiba ipo. Himu yenyewe, ikiingizwa kwenye mshipa, huwaambia wakataji watulie. Marekani waliipitisha mwaka 1983. Mwaka 2019 wakapitisha givosirani, sindano ya kila mwezi inayoizima amri kule hatua ya kwanza kabisa. Najua bei za dawa hizi, sikuombi miujiza. Ninachokiomba kinatosha kwenye kapu la sokoni: dawa ya Ehrlich ya kupima pofobilinojeni, kimojawapo cha vile vinavyorundikana, kwenye mkojo, ambayo majibu yake hutoka kwa dakika chache, foili ya kufunikia chupa, na karatasi moja kwenye dirisha la dawa yenye orodha ya dawa ambazo wagonjwa hawa wasipewe. Dripu ya glukosi mnayo tayari, nayo hutuliza shambulio dogo wakati himu haipatikani. Na mgonjwa apewe barua ya daktari kuhusu funga. Sheria yetu imemwondolea mgonjwa uzito huo, lakini msichana wa miaka 19 haoni haya kuumwa, anaona haya kuonekana anakula mchana.

Sasa nije kwenye jambo la pili, ambalo ni lile lile likiwa limegeuzwa upande.

Mpwa wangu jua halimdhuru. Lakini ziko porfiria nyingine ambapo korona iliyolegea ni ya hatua ya mwisho, ile inayotia chuma ndani ya protopofirini ili iwe himu. Chuma kisipotiwa, protopofirini hujaa mwilini, na jua likiigusa, ngozi inaungua kwa maumivu makali. Mwaka 1912 daktari wa Kijerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga miligramu 200 za pofirini, ndugu wa protopofirini, kisha akatoka juani. Uso ulivimba hata ungedhani si yeye. (Sayansi ya zamani ilikuwa na watu wasiojihurumia.)

Wataalamu wakajiuliza: kama kitu hiki kinaunguza seli kikipata mwanga, kwa nini tusikijaze kwenye seli za saratani? Ndiyo tiba ya mwanga. Unapaka krimu yenye malighafi ya himu, iitwayo ALA, na seli zilizoharibika huirundika protopofirini kuliko jirani zake. Ukimulika, oksijeni iliyomo inageuka kali na kuziua. Watafiti huongeza dawa inayokamata chuma, mfano desferioksamini, ile ya waliolundikiwa chuma kwa kuongezewa damu mara nyingi. Chuma kikishikwa, protopofirini haigeuki himu, inazidi kujaa mahali unapoitaka. Wengine wanatafuta dawa ya kuziba pampu inayoitoa nje ya seli. Kinachomtesa mgonjwa mmoja ndicho wanachokikoleza kwa mwingine.

Karibu na kwangu, chini ya mwembe, yuko fundi baiskeli mwenye ualbino. Kivuli cha mwembe kinahama, yeye hahami, kwa kuwa pampu na beseni la maji vimekaa pale. Juu ya sikio lake la kushoto kuna mabaka magumu yenye magamba. Ukipitisha kidole unadhani msasa. Hayo bado si saratani, ni njia ya kuelekea huko, na ndiyo hasa tiba hii inayoyaweza, kwa kuwa mwanga hauzami zaidi ya milimita chache. Uvimbe mnene unataka kisu. Na si lazima taa ya gharama: ipo namna ya kupaka krimu na mafuta ya kuzuia miale mibaya, kisha kukaa nje kwa saa 2 kwenye mwanga wa mchana. Kama kuna kitu Tanga haiagizi kutoka nje, ni hicho.

Mjini Moshi wapo mabingwa wa ngozi wanaowafundisha wengine, na ndiko yanakotengenezwa mafuta ya kukinga jua ya Kilisun. Waandikie waje, wawapime watu wetu wenye ualbino, waseme kama njia hii inafaa kwa ngozi zao na kwa jua letu. Mimi si daktari, siwezi kumpaka fundi wangu krimu kwa kusoma vitabu.

Ile orodha ya dawa nimeshaipiga chapa, nakala 20. Mpwa wangu anayo yake, ameikunja ndani ya pochi pamoja na kitambulisho. Zilizobaki ziko mezani kwangu. Niambie siku, nitazileta kwa baiskeli.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Ngamiani