Msisingizie mtandao kila VPN ya ofisi inapogoma

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niwatetee watumishi wanaofanya kazi za ofisi wakiwa mbali na ofisi, hasa wahasibu na makarani wa matawi ya mikoani. Kila mwisho wa mwezi wanaonekana wazembe kwa kosa lisilo lao. Mimi ni fundi wa TEHAMA hapa Mwanza, nahudumia matawi ya taasisi ambayo seva zake ziko Dar es Salaam, na simu ninazopigiwa zinafanana: “Fundi, VPN imegoma tena.” VPN ni njia ya faragha inayomwunganisha aliye mbali na mtandao wa ndani wa ofisi kupitia intaneti.

Nikimhoji karani, naambiwa hivi. Amewasha VPN, alama imekuwa ya kijani, imeandikwa kwamba imeunganishwa. Anafungua mfumo wa malipo kwa jina lake lilelile la siku zote, kivinjari kinamjibu kwamba tovuti haipatikani. Wakati huohuo WhatsApp inaingia na video za YouTube zinacheza bila kukwama. Anapiga makao makuu, anaambiwa mtandao wa kwake unasumbua, azime awashe, au anunue bando la kampuni nyingine. Ananunua kwa fedha yake. Hali ni ileile. Jioni mkuu wake anamuuliza kwa nini taarifa ya malipo haijafika.

Nasema kwa uhakika kwamba katika sehemu kubwa ya simu hizo mtandao ulikuwa mzima, na VPN yenyewe ilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa kwenye majina.

Kompyuta haifiki kwenye seva kwa jina, hufika kwa namba. Kazi ya kutafuta namba ya jina hufanywa na DNS, mfumo aliouasisi Paul Mockapetris mwaka 1983, baada ya orodha ya majina iliyokuwa ikitunzwa kwa mkono kule California kuzidiwa na wingi wa kompyuta. Seva za ndani za ofisi hutumia namba za faragha, mfano zile zinazoanza na 10 au 192.168, na kwa kawaida majina yake yanajulikana na DNS ya ofisi peke yake. DNS ya kampuni ya simu haiyajui, wala ile ya Google ya 8.8.8.8 ambayo mafundi wenzangu wanapenda kuiweka kila mahali. Kompyuta iliyounganishwa VPN lakini ikaendelea kuuliza majina kwa ruta ya nyumbani ni kama mgeni anayemuuliza balozi wa nyumba kumi wa Nyegezi habari za mkazi wa Kigogo, Dar es Salaam. Balozi atamjibu kwa nia njema kabisa kwamba mtu huyo hayupo. Baya zaidi, kompyuta huliweka jibu hilo kwa muda, kwa hiyo hata kosa likisharekebishwa inaweza kuendelea kukana mpaka uandike ipconfig /flushdns, amri inayofuta majibu yaliyohifadhiwa.

Kulitambua tatizo hili hakuhitaji shahada. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri, andika nslookup, amri inayouliza DNS namba ya jina, na jina kamili la mfumo, kisha tazama mistari ya juu: ni nani anayejibu? Ukiona 192.168.1.1, au namba nyingine ya ruta yako, umeshapata pa kuanzia. Rudia, safari hii mwishoni ongeza namba ya DNS ya ofisi. Ikijibu, njia ni nzima na kosa liko kwenye mpangilio wa VPN ambao haukuielekeza kompyuta pa kuuliza. Isipojibu, mtu wa fayawoli (kizuizi kinachochuja mawasiliano ya mtandao) makao makuu atazame kama poti 53, mlango wa maswali ya DNS, iko wazi kwa wanaoingia kwa VPN, kwa UDP na TCP pia, yaani njia zote mbili za kusafirisha maswali hayo. Na usisahau kujaribu jina kamili badala ya kifupi: ofisini kompyuta huongeza yenyewe sehemu ya mwisho ya jina, ukiwa nyumbani huenda isiongeze.

Kinachoniuma ni dawa tunayowapa watu. Badala ya kurekebisha VPN, fundi anaingia kwenye kompyuta ya karani na kuandika namba ya seva katika faili la hosts (orodha ya majina na namba iliyo ndani ya kompyuta yenyewe, inayosomwa kabla ya kuuliza DNS), au anamwandikia kwenye karatasi: “Tumia hii.” Siku hiyo kazi inakwenda na fundi anashukuriwa. Kisha seva inahamishwa, namba inabadilika, na kila aliyeandikiwa namba ya zamani anabaki nje huku wenzake wakiendelea. Nimeona tawi ambalo mezani palikuwa na kompyuta mbili za aina moja, ruta moja, VPN moja, moja inafungua na nyingine haifungui. Nslookup inatoa jibu sahihi kwenye zote mbili kwa sababu yenyewe hailisomi faili hilo, lakini kivinjari kinalifuata. Fundi asiyejua kwamba kuna aliyepita hapo kabla yake atatafuta mpaka achoke.

Ile ya karatasi ina hatari kubwa zaidi. Ukifungua mfumo kwa namba, kivinjari kinaonya kwamba cheti cha usalama hakilingani na anwani uliyoandika. Karani anaambiwa apuuze, abonyeze kuendelea. Akishazoea kupuuza onyo hilo kwenye mfumo wa malipo ya taasisi, siku tapeli akimletea ukurasa bandia atalipuuza pia, na hapo tutamtupia lawama zote yeye.

Sikatai kwamba mtandao hukatika kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini na karibu sote tuliona. Lakini siku kama ile tovuti na huduma za kila aina ziliyumba, si jina la seva ya ofisi peke yake. Mwaka 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipowataka watumiaji wa VPN watoe taarifa zao, tulibishana wiki nzima kuhusu kibali. Kuhusu kuziweka sawa hizo VPN za ofisi, sikusikia mtu akisema.

Ninachowaomba wakuu wa TEHAMA ni hiki. Kabla hamjamkabidhi mtumishi VPN, ijaribuni mkiwa nje ya jengo, kwa hotspoti ya simu, kwa majina halisi ya mifumo anayotumia. VPN iipe kompyuta DNS ya ofisi, ya pili ya akiba, na sehemu ya mwisho ya jina. Faili za hosts zisafishwe. Na anayepokea simu za msaada aulize kwanza ni DNS ipi inayojibu, kabla ya kutaja bando.

Wakuu wa matawi nao wawarudishie watumishi fedha walizonunulia bando kwa maelekezo ya makao makuu. Ujumbe wa miamala bado umo kwenye simu zao.

Fundi TEHAMA,
Nyegezi, Mwanza
(Jina limehifadhiwa)