Kabla ya kubadilisha mafuta ya transfoma, someni geji ya kiwango chake

Mhariri,

Nimesoma maoni ya wasomaji wenu wanaotaka transfoma za Pwani zimwagwe mafuta ya madini zitiwe ya mimea, eti ndipo zitakapoacha kulipuka msimu wa kaskazi. Nimekuwa fundi wa umeme kiwandani hadi nilipostaafu, na hilo "ndipo" limenikera kidogo.

La moto sibishani nalo. Mafuta ya madini yakifika nyuzi 160 au 170 huweza kushika moto na kuendelea kuwaka. Ya mimea, kama ya soya, hadi yapite 300. Kwa transfoma iliyobanana na soko au ghorofa, huo ni ulinzi wa kweli.

Lakini mafuta yale pia ndiyo mchukuzi wa joto. Yaliyo karibu na koili (nyaya zilizozungushwa ndani) hupata joto, yakawa mepesi, yakapanda, yakaingia kwenye rejeta, yale mapezi ya kupoozea yaliyo nje, kwa bomba la juu, yakapoa yakishuka na kurudi chini ya tangi. Transfoma za mitaani hazina pampu. Mafuta hujizungusha yenyewe. Sasa, kwa nyuzi 40, mafuta ya mimea ni mazito kutiririka, kama mara tatu ya yale ya madini. Transfoma iliyoundwa kwa ajili yake huachiwa njia pana zaidi kati ya koili. Ukichukua kuukuu ukabadilisha mafuta tu, koili zitazidi joto kwa nyuzi kadhaa, na mzigo wake wa umeme hauna budi kupimwa upya.

Hapa kwetu nyuzi hizo si kitu cha kupuuza. Vipimo vya IEC, shirika la kimataifa la viwango vya umeme, vimewekwa kwa hewa yenye wastani wa nyuzi 20 kwa mwaka, na Mombasa wastani ni kama 26. Karatasi ya kawaida inayofunika koili huzeeka kwa kasi maradufu kila joto lake likiongezeka nyuzi 6. Fanyeni hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi kabisa. Kiwandani nilizoea kugusa mapezi ya rejeta kwa mgongo wa mkono: juu pawe moto, chini vuguvugu. Siku moja, mwezi wa Februari, nikakuta juu pamepoa sawa na chini, na ubavu wa tangi haushikiki. Gasketi ya vali ilikuwa ikivuja tone kwa tone, changarawe chini imekuwa nyeusi. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya mdomo wa bomba la juu. Tangi karibu limejaa, ila mafuta hayana pa kupitia kwenda kupoa! Kwenye daftari la wiki ile mtu alikuwa ameandika "mafuta yapo".

Kwa hiyo mwizi wa mafuta hana haja ya kukausha tangi. Akichota hadi usawa wa bomba lile, transfoma imeanza kujipika, na ikilipuka wiki kadhaa baadaye tutaambiwa ni mzigo. (Wanaouziwa mafuta hayo ya wizi wakaangie viazi wajue kwamba transfoma za zamani zaweza kuwa na PCB, sumu iliyomo kwenye Mkataba wa Stockholm wa 2001. Na tukitia mafuta ya soya, sijui mwenye karai tutamzuia kwa lipi.)

Mafuta ya mimea yaje, lakini katika transfoma mpya zilizoagizwa kwa ajili yake na kwa joto la Pwani. Hizi tulizo nazo zinahitaji mtu wa kuzisomea geji na kukaza gasketi. Iliyo kwenye nguzo mbele ya nyumba yangu, waliopaka tangi rangi ya kijivu walipitisha brashi hadi juu ya kioo cha geji. Tangu mwaka jana naomba kikwanguliwe.

Fundi mstaafu,
Kisauni, Mombasa