Risala ya Wachezaji wa Judo kwa Mgeni wa Heshima, Kadutu, Bukavu

Mama Mgeni wa Heshima,
Papa Prefe wa shule,
Viongozi wa mtaa, wazazi wetu, makocha na wachezaji mliotoka Ibanda na Bagira,

Jambo yenu nyote.

Sisi wachezaji wa klabu ya judo ya shule hii tunakushukuru, Mama, kwa kupanda mlima wote huu kuja kwetu. Njia za Kadutu wakati wa mvua tunazijua. Risala za namna hii huwa zina mpangilio wake: historia ya klabu, mafanikio, matatizo, kisha maombi. Maombi yapo, usihofu, yanakuja. Ila kwanza kuna jambo ambalo tungependa lisikike leo mbele ya wazazi, kwa kuwa linawahusu wao kuliko sisi tunaoingia kwenye tatami, yaani mkeka wa judo.

Muda si mrefu utaona watoto wawili wanasimama, wanatazamana, wanainama. Wakimaliza watainama tena, hata kama mmoja wao analia. Jigoro Kano, aliyeanzisha judo kule Tokyo mwaka 1882, alitaka mchezo ambao wote wawili wanatoka na faida. Bila mwenzako huna wa kumtupa, wala huna wa kukutupa, na hapo hujifunzi kitu. Kwa hiyo unainama kumshukuru kabla na baada. Hilo hata mtoto wa darasa la 1 analishika siku ya kwanza.

Kinachochukua muda ni kupiga tatami. Mchezaji akikabwa shingo au akibanwa kiwiko, akaona hawezi tena, anapiga tatami kwa kiganja, pa, pa. Kama mkono haufiki chini, anampiga mwenzake mgongoni. Hapo hapo anaachiwa, bila kumngoja refa aseme. Fikiria, Mama: shingo yangu imo mikononi mwa kijana wa Bagira niliyemfahamu leo asubuhi, na nina hakika kwamba nikigusa tu ataniachia. Katika klabu yetu wadogo hawaruhusiwi mbinu hizo, lakini wakubwa watakuonyesha. Tunakuomba usikilize hicho kiganja, kisha utazame vidole vya yule wa juu vinavyofunguka. Sisi tunaona hiyo ni heshima kubwa kuliko kuinama, maana kuinama mtu anaweza kuinama huku ana kinyongo.

Basi, ndani ya tatami mambo yanakwenda. Shida iko kwenye mabenchi.

Katika mashindano yaliyopita mdogo wetu mmoja, mtoto wa miaka 10, aliangushwa kwa ippon, yaani mtupo mmoja unaomaliza pambano, sekunde chache baada ya kuanza. Aliinama vizuri, akampa mwenzake mkono, akatoka. Nje ya tatami alikutana na vicheko, na mtu mzima wa upande wetu wenyewe akamwambia kwamba leo hali chakula. Huenda ilikuwa mzaha. Mtoto alikosa mazoezi kwa muda mrefu, na kocha alilazimika kwenda kwao kuzungumza na mama yake ndipo akarudi. Yule aliyemwangusha hakumcheka hata kidogo, kwa sababu alijua ule mwanguko unavyouma.

Tunalisema hili kwa sababu mji wetu una historia nalo. Bukavu hii ndiko walikozaliwa Popole Misenga na Yolande Mabika. Vita viliwatenga na familia zao wakiwa wadogo, wakajikuta Kinshasa, na huko ndiko walikojifunza judo. Mwaka 2013 walikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, hawakurudi, wakabaki Brazil kama wakimbizi. Misenga alipohojiwa na wanahabari alisimulia kwamba huku nyumbani mchezaji akishindwa alikuwa anafungiwa. Sisi hatukuwepo, hatuongezi neno. Miaka 3 baadaye wote wawili waliingia katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, timu ya watu 10, katika mji ule ule wa Rio. Mabika alitoka kwenye pambano la kwanza. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akakutana na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia, akashindwa. Ukumbi uliojaa watu wasiomfahamu ulimshangilia mtoto wa Bukavu. Inatuuma kidogo, Mama, kwamba ilibidi makofi hayo ayapate mbali namna ile.

Wazee wetu watasema kwamba mashabiki ni mashabiki, wataimba wanachotaka. Ni kweli. Kinshasa, tarehe 30 Oktoba 1974, mabondia Muhammad Ali na George Foreman walipopigana, uwanja mzima uliimba kwamba Foreman auawe. Ali mwenyewe alikuwa amemtukana kwa wiki kadhaa, hapo hatuna la kumsifia. Lakini kwenye raundi ya 8, Foreman alipokuwa anakwenda chini, mkono wa kulia wa Ali ulikuwa juu, tayari kwa ngumi nyingine. Aliuzuia, akamwacha aanguke. Mwaka 1997, Ali akiwa mgonjwa, ni Foreman aliyemshika kumsaidia kupanda jukwaani kwenye sherehe ya tuzo za Oscar. Kama hawa wawili waliweza, wa kilo 40 wetu hawawezi kushindwa.

Na wale wanaosema heshima inapunguza ukali, tunawapa mfano wa Mohamed Rashwan wa Misri. Olimpiki ya Los Angeles, mwaka 1984, alikutana kwenye fainali na Mjapani Yasuhiro Yamashita, ambaye alikuwa ameumia mguu wa kulia na anachechemea mbele ya kila mtu. Rashwan alisema hakutaka kuushambulia mguu huo. Wapenzi wa judo bado wanabishana kuhusu mbinu alizojaribu siku ile, waache wabishane. Alishindwa, akapata medali ya fedha, na kwenye jukwaa la medali alimpa Yamashita mkono apande. Jina lake linatajwa kwenye mazoezi yetu kuliko majina ya mabingwa wengi.

Sasa maombi.

Tatami yetu utaiona mwenyewe: vumbi la mbao lililoshindiliwa chini ya turubai. Upande wa dirishani limehama, na mtoto akiangukia pale anaangukia sakafu. Tunaomba msaada wa tatami halisi, hata za kutosha nusu ya ukumbi kwa kuanzia. Kimono, yaani mavazi ya judo, nazo ni chache. Leo utaona mchezaji anatoka, anavua koti lililolowa jasho, anampa mpinzani wa klabu nyingine anayesubiri zamu. Ibanda wanatuazima, na sisi tunawaazima. Tunajivunia hilo, lakini tungejivunia zaidi tukiwa nazo za kutosha. Vilevile hatuna sanduku la huduma ya kwanza. Barafu tunanunua kwa mama anayeuza vinywaji hapo nje, na mara nyingine anatupatia bure. Aksanti, mama.

Ombi la mwisho halina gharama. Wakati wa zawadi, tunaomba uanze kuwapa mkono walioshindwa, wote, mmoja mmoja, ukiwa umesimama, ndipo uwaite washindi. Tumezungumza na makocha wa Ibanda na Bagira, wamekubali. Papa Prefe alikuwa na wasiwasi kwamba tutachelewa, mvua ikatukuta hapa. Tumehesabu naye, haitazidi dakika 10.

Nanyi wazazi, mwenye kucheka acheke refa akijikwaa. Huyo amezoea.

Pambano la kwanza ni la wasichana wa kilo 36, wa Kadutu na wa Bagira, na tayari wanapasha mwili pale pembeni. Mama Mgeni wa Heshima, tunakukaribisha ufungue mashindano.

Aksanti sana.

Wachezaji wa klabu ya judo, Kadutu