Saa ya Zamani Isiyong'aa Tena Gizani: Soma Kabla ya Kuipaka Rangi Upya

Mteja anayetuletea saa ya thamani aliyorithi kwa baba au babu huanza karibu kila mara kwa tendo lile lile: anaifunika kwa viganja viwili, anachungulia kwa jicho moja, kisha anasema, "Fundi, hii zamani ilikuwa inawaka usiku kucha. Sasa hakuna kitu." Wapo walioianika juani mchana kutwa wakidhani inahitaji chaji. Wengi hudhani kuna kilichoharibika, na dawa yake ni kupakwa rangi mpya. Hapo ndipo tunapomwomba asubiri kidogo, kwa sababu rangi ile ikishakwanguliwa hairudi.

Rangi ya zamani ilichanganywa vitu viwili. Kimoja ni unga wa salfidi ya zinki, ambao hutoa mwanga ukichokozwa. Kingine ni kitu chenye mionzi, kazi yake kuuchokoza unga huo usiku na mchana bila kupumzika. Ndiyo maana saa hizo hazikuhitaji kuonyeshwa taa kwanza. Kujua ni mionzi gani iliyomo kwenye saa yako ndiyo hatua ya kwanza, maana kuna aina mbili kuu na hazifanani hata kidogo.

Saa za kabla ya miaka ya 1960 nyingi zilipakwa radiamu. Radiamu hupungua polepole mno: huchukua miaka 1,600 hivi nusu yake kuisha. Saa iliyotengenezwa mwaka 1950 bado ina zaidi ya asilimia 95 ya radiamu iliyopakwa siku ile. Kilichokufa ni unga. Mionzi imeupiga miaka yote hiyo mpaka umechoka kabisa, hauitiki tena. Kwa hiyo saa iliyozima gizani si saa iliyoisha mionzi, na hili tunalirudia kwa kila mteja. Miaka ya 1920, wanawake waliopaka nyuso za saa kiwandani Orange, New Jersey, walikuwa wakichonga ncha ya brashi kwa midomo ili mstari utoke mwembamba, kama walivyofundishwa kazini. Wengi waliugua mataya na mifupa, na baadhi yao walikufa. Radiamu ikiingia mwilini kwa mdomo au kwa pumzi hukaa kwenye mifupa. Tafadhali usifungue saa ya aina hii nyumbani, usiipulize, usikwangue chochote. Kioo kikiwa kimepasuka, itie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika na utuletee hivyo hivyo. Na isikae kando ya mto wa kulalia, hata kama ni nzima, kwa sababu sehemu ya mionzi yake hupenya kioo.

Baadaye ikaja tritiamu, iliyotumika tangu miaka ya 1960 hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mionzi yake ni dhaifu, kioo cha saa kinaizuia. Ila huisha upesi: kila baada ya miaka 12.3 hivi inabaki nusu. Saa ya mwaka 1985, baada ya miaka 40, imebakiwa na sehemu moja tu ya kumi, na unga wake nao umezeeka. Hakuna fundi aliyekosea, wala hukuitunza vibaya. Kuitambua ni rahisi: chukua kioo cha kukuzia, tazama chini kabisa ya uso wa saa, kwenye namba 6. Maandishi "T SWISS T" au "SWISS T<25" yana maana kwamba ni tritiamu.

Saa nyingi za leo hutumia rangi isiyo na mionzi, kama LumiNova iliyotolewa na kampuni ya Nemoto ya Japani mwaka 1993, na Super-LumiNova iliyofuata. Hizi hunywa mwanga wa taa au jua, kisha huutoa kidogo kidogo kwa saa kadhaa. Tofauti hiyo inakupa kipimo kizuri: imulike saa kwa tochi dakika moja, zima taa. Tritiamu ya zamani huonyesha mwanga hafifu unaofifia upesi. Saa inayosemwa ni ya mwaka 1968 ikiendelea kuwaka vizuri baada ya saa nzima, basi uso au mishale yake imepakwa upya, na ukiwa unataka kuinunua una haki ya kuuliza.

Sasa, tuipake au tusiipake? Maoni yetu ni haya: kama rangi bado imeshika, iache. Ule umanjano unaofanana na maziwa yaliyochemka, au kahawia ya asali, umekuja kwa miongo, na wakusanyaji wa saa huutafuta. Uso uliopakwa upya huishusha thamani saa ya kifahari, wakati mwingine vibaya sana. Tumepokea saa ambazo mishale yake iliwekwa rangi nyeupe ya kuwaka huku alama za uso zikibaki za kahawia. Ukiitazama tu unaona pamegombana.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni rangi inayomeguka. Chembe zake zikidondoka huingia kwenye mashine na kuharibu meno ya magurudumu. Hapo lazima tufanye kitu, na tunaanza na dogo: tunaing'oa mishale, tunaipaka gundi nyembamba upande wa nyuma, rangi inashikana tena bila sura yake kubadilika. Ikiwa imekwisha kudondoka, tunajaza mishale peke yake kwa rangi mpya iliyokorogwa ifanane na ya kwenye uso. Uso wenyewe hatuugusi ila mwenyewe atuambie kwa maandishi.

Kila saa ya zamani tunaipima mionzi kabla ya kuifungua na tunaipiga picha ya karibu mbele yako. Mishale ya tritiamu ukiamua ibadilishwe, ile ya kwanza tunaitia kwenye kijaluba chenye namba ya saa, nawe unaondoka nacho.