Kabla hujaivuta hiyo bloku

Mwanjelwa, Mbeya

Rafiki yangu Obadia,

Kamwene. Natumaini wote hapo Njombe ni wazima na baridi haijawazidi. Barua yako nimeisoma, na nimerudia mara kadhaa pale uliposema pikipiki yako ya Yamaha DT ilishika, pistoni ikakwama, ukiwa unateremka kwenda Manda, kule Ziwa Nyasa, ikazima, ukaiacha ipoe, kiki ikakubali kukanyagika lakini nguvu haikurudi. Unataka kuivua bloku, hiyo silinda anamopanda na kushuka pistoni, mwenyewe Jumamosi. Ivue, kazi hiyo unaiweza. Ninakuomba mambo mawili tu: usiivute kwa hasira, na usinunue pistoni nyingine kabla hujaitazama vizuri hiyo iliyomo. Ukiitupa ukafunga mpya bila kujua kilichoiua, mpya nayo itakwenda kwa ugonjwa uleule.

Ijumaa jioni ioshe injini, hasa pale bloku inapokalia nyumba ya krenki. Vumbi jekundu la huko likinywa oili hukaa pale kama udongo wa kufinyanga, na bloku ikinyanyuka tu linaangukia kwenye beringi za krenki. Iache ipoe usiku kucha, maana hedi ya aluminiamu, kile kifuniko cha juu ya bloku, ikifunguliwa ya moto hupinda. Usiku huohuo pulizia oili ya kulegeza kutu kwenye nati zote za hedi na za chini ya bloku.

Asubuhi toa siti, funga koki ya petroli, shusha tangi. Fungua shingo ya ekzosi. Legeza klampu ya kabureta, ivute nyuma uifunge pembeni, waya wa resi ubaki palepale. Mpira mwembamba wa oili ya 2T, ile inayochanganyika na petroli, unaotoka kwenye pampu uzibe mdomo kwa skrubu ndogo mara tu unapoutoa. Hewa ikiingia humo, siku ya kuwasha injini itazunguka kavu dakika za mwanzo, na dakika hizo zinatosha kuikwangua bloku iliyotoka kuchongwa. Kwa hiyo hata ukiwa umeuziba, siku ya kufunga toa hewa kwenye pampu kwanza.

Nati za hedi zilegeze kwa msalaba, robo mzunguko kila moja, halafu uzirudie. Hedi ikitoka, usikwangue masizi bado.

Nati za chini ya bloku ndizo zinazotesa watu. Spana ya boksi haiingii kwa sababu ya mapezi, yale majani ya kupozea bloku, na spana ya mdomo wazi itakula kona za nati. Tumia ringi spana nyembamba, nazo pia uzilegeze kidogo kidogo kwa msalaba. Kisha sukuma kiki kwa mkono, taratibu, hadi pistoni ishuke chini kabisa.

Hapa sasa tulia, Obadia. Bloku haitanyanyuka mara ya kwanza. Gasketi ya chini imegandana, na mara nyingi zile pini mbili za kuongoza zinazokaa kati ya bloku na nyumba ya krenki zimeota kutu ndani ya matundu yake. Mtu akifika hapo hutafuta bisibisi, anaichomeka kwenye mwanya na kubinua. Usithubutu. Nyuso hizo mbili zinazokutana ni za aluminiamu laini. Alama moja ya bisibisi inatosha kuacha njia ya hewa. Injini ya tu-stroku huvuta petroli kupitia chumba cha krenki, kwa hiyo hewa ikiingia hapo chini mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi petroli kidogo, pistoni inachemka, inashika tena. Chukua kipande cha mbao ngumu, kiegemeze pale bloku ilipo nene, kwenye mdomo wa ekzosi na upande wa kabureta, ugonge kwa nyundo ya mpira, huku kidogo na kule kidogo. Mapezi usiyaguse kabisa, yanakatika kama biskuti. Ikigoma, mimina maji ya moto juu ya bloku, ukiwa umeziba mdomo wa ekzosi na wa kabureta na kufunika tundu la juu, uongeze oili ya kutu kwenye mwanya, usubiri nusu saa. Aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha pini, nayo itaachia.

Ikianza kupanda, inyanyue wima kwa mikono miwili. Usiizungushe hata kidogo. Pistoni ya tu-stroku ina kijipini kwenye mfereji wa ringi kinachozuia ncha za ringi zisikae mbele ya matundu ya bloku. Ukizungusha bloku, ncha inaingia kwenye tundu, na ringi inavunjika au inachana ukuta. Bloku ikipanda kama sentimita tano, simama. Sokomeza kitambaa safi kisichotoa nyuzi kuzunguka konrodi, mkono unaoshika pistoni, kizibe mdomo wote wa nyumba ya krenki, ndipo umalizie kuinyanyua. Kipande cha ringi iliyovunjika kikidondoka humo, injini nzima itabidi ipasuliwe.

Kabla hujatoa pistoni, weka alama kwa kalamu ya wino upande wa ekzosi. Ina mshale juu unaoelekea mbele, lakini pistoni ikiungua mshale hauonekani. Toa klipsi moja kwa koleo la ncha nyembamba, huku kitambaa kikiwa bado kimeziba, kisha sukuma pini itokee upande huo. Pini ikiwa ngumu, ifunge pistoni kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto. Usiipige nyundo, utapinda konrodi. Klipsi za zamani usizirudishe hata zikionekana nzima.

Sasa ipeleke pistoni juani na uisome. Michirizi ikiwa upande wa ekzosi peke yake, ni joto lililozidi: mchanganyiko mwepesi, au hewa inayoingia mahali isipotakiwa. Ikiwa upande wa kabureta, shuku vumbi lililopita kwenye fileta au oili kupungua. Alama nne zilizogawana mzunguko mzima zinasema pistoni ilitanuka kuliko bloku, ama kwa kukimbizwa ingali baridi, ama kwa sababu aliyeichonga aliibana mno. Uso wa juu ukiwa mweusi wenye unyevu, petroli ilikuwa nyingi. Ukiwa mweupe kama jivu, au ukingo umeliwa vishimo vishimo, ilikuwa kidogo. Ukiwa hapo, zishike ridi, zile valvu nyembamba za upande wa kabureta, kwenye mwanga, uone kama zimepasuka ncha.

Mimi nakisia utakuta michirizi upande wa ekzosi, na nakueleza kwa nini. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ni nyepesi. Kabureta iliyopangwa kwa pwani ikifika juu inatoa petroli nyingi kuliko hewa, pikipiki inakohoa na plagi inajaa masizi. Mafundi wa huko hutoa jeti kuu, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, na kuweka yenye tundu dogo zaidi, na kwa Njombe wanafanya sawa kabisa. Lakini Ziwa Nyasa liko karibu mita 475 tu. Ukishuka nalo hilo jeti dogo, hewa inazidi kuwa nzito nawe petroli yako ni ileile. Juu ya hapo kuna mteremko mrefu, resi imefungwa, gia zinaizungusha injini kwa kasi. Pampu ya oili hufuata resi pamoja na mzunguko. Resi ikifungwa inatoa oili kidogo sana, wakati ambapo pistoni inakwenda mbio. Kwenye mteremko wa namna hiyo mtu hubana klachi mara kwa mara na kugusa resi kidogo ili oili ishuke.

Kama michirizi iko upande wa ekzosi na jeti halijawahi kubadilishwa, basi kagua sili ya krenki upande wa magineti. Hiyo ikichoka inavuta hewa, na ishara yake ni sailensa, ule mzunguko wa injini bila kugusa resi, kupanda na kukawia kushuka. Sili ya upande wa klachi yenyewe hunyonya oili ya giaboksi, nawe utaona moshi mweupe na oili ya gia ikipungua.

Bloku ya DT yako ina silivu ya chuma, yaani mrija wa ndani, tundu la milimita 56, kwa hiyo inachongeka. Pistoni za ovasaizi, zilizo kubwa kuliko ya asili, zinapanda kwa robo milimita: 56.25, 56.50, 56.75, 57. Pistoni inanunuliwa kwanza, fundi wa mashine anaipima hiyo hiyo na kuchonga bloku kuifuata, akiacha nafasi ya karibu 0.05 ya milimita. Akishachonga, mwambie aondoe ukali kwenye kingo za matundu yote, la sivyo zitazinyoa ringi siku ya kwanza. Wengi wanasahau hili.

Mashine ya kuchonga ukikosa hapo, nitumie bloku kwa basi kupitia Makambako. Ipake oili ndani, hasa ukutani. Kwa ukungu wenu chuma kitupu kinapata kutu usiku mmoja. Ifunge kwa kitambaa, kisha nailoni. Ile nyumba ya krenki iache na kitambaa chake, na mfuko juu yake uliofungwa kwa mpira. Pistoni mbovu, ringi na klipsi zote zitie kwenye mfuko mmoja, usizioshe.

Na kabla hujafunga mzigo, fungua bakuli la kabureta, usome namba iliyochongwa kwenye jeti kuu, uniandikie kwenye karatasi. Hiyo namba naingoja kuliko bloku yenyewe.

Wasalimie mama na watoto.

Wako,
Ambakisye